Keki ya boga "isiyo na sukari": nini kweli, nini maneno ya biashara

Wapishi wa nyumbani wa Dar es Salaam na Nairobi wamepata kitu kipya cha kutangaza kwenye status za WhatsApp: keki na maandazi ya boga. Picha zinavutia, rangi ni ile ya chungwa lililoiva, na maelezo yake yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja. Haina sukari. Inafaa wanaopunguza mwili. Wenye kisukari ruksa. Kisha keki inafika kwenye shughuli na ubishi unaanzia mezani. "Shangazi, hii ya boga, kula tu haina neno." Shangazi, anayemeza dawa za kisukari kila asubuhi, anaisogeza sahani kando kwa sababu kasikia boga tamu linapandisha sukari kuliko mkate mweupe. Wanaosikiliza hawajui wamfuate nani, maana wote wawili wanaongea kwa uhakika.

Wote wawili wamepotea njia, ila kila mmoja kapotelea kwake.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Sukari iliyoongezwa ni ile unayoimimina wewe au kiwanda: sukari nyeupe, sukari guru, asali, shira. Shirika la Afya Duniani huviweka vyote hivyo kwenye kapu moja, pamoja na sukari ya juisi ya matunda, na mwaka 2015 lilishauri jumla yake isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na shirika hilo linasema ni bora zaidi ukishuka hadi nusu ya hapo. Sukari ya asili ni ile iliyokaa ndani ya tunda au mboga nzima, imezungukwa na maji na nyuzinyuzi zake. Wanga ni neno pana kuliko yote mawili. Ndani yake mna sukari za kila aina, na mna pia unga wa ngano, wali, muhogo na viazi, kwa kuwa tumbo likishavimeng'enya vyote huingia kwenye damu vikiwa sukari, hasa glukosi. Neno hili la wanga lishike vizuri, maana ndilo matangazo yanaloliruka.

Na boga tunalolizungumzia ni lile lililokomaa, lenye ganda gumu na nyama ya njano au ya chungwa: boga la kienyeji, ambalo Kenya huitwa malenge, na lile la umbo la chupa linalouzwa kwa jina la batanati. Ulaya na Marekani hujulikana kama maboga ya majira ya baridi, kwa sababu ganda lake gumu huliwezesha kukaa ghalani miezi ambayo shamba halitoi kitu. Gramu 100 za boga bichi la kawaida zina maji zaidi ya gramu 90, sukari chini ya gramu 3, na kalori kama 26. Batanati limeshiba zaidi, kalori kama 45. Sasa weka pembeni vitu vingine vya keki kwa uzito huo huo: unga wa ngano kalori kama 360, sukari karibu 390, mafuta ya kupikia karibu 900.

Kwa hiyo boga halina muujiza wowote ndani ya keki. Lina maji mengi, lina utamu kidogo, lina nyuzinyuzi kiasi, na lina ulaini unaoweza kushika nafasi ya kitu kizito zaidi. Faida yote iko kwenye hilo neno nafasi. Ni kama daladala: abiria akipanda bila mwingine kushuka, umejaza gari tu. Mpishi anayechukua mapishi yake ya kila siku, yenye sukari yote na mafuta yote, kisha akaongeza kikombe cha boga lililopondwa, amepata keki yenye unyevu na rangi nzuri. Sukari ni ile ile, na mtu akila robo ya keki hiyo amekula robo ya sukari yote iliyomiminwa.

Tuchukue mfano wenye vipimo. Keki ya kawaida ya nyumbani: unga gramu 250, sukari gramu 200, mafuta mililita 180, mayai matatu. Ukipiga hesabu unapata kalori kama 3,350, na ukiikata vipande 12, kila kipande ni kama 280, chenye vijiko vinne vya sukari. Sasa shusha abiria wawili. Sukari iwe gramu 100, mafuta mililita 80, na nafasi yao ichukuliwe na gramu 250 za boga lililopondwa na kukamuliwa maji. Unga na mayai vibaki vile vile, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi ya kunyunyiza tu. Kipande kimoja sasa kinashuka hadi chini kidogo ya kalori 190, na sukari iliyoongezwa ni vijiko viwili. Hiyo ndiyo keki ya boga inayostahili kuitwa nafuu. Neno ninalolitumia ni nafuu, si dawa.

Kwa nini boga liweze kusimama mahali pa mafuta? Mafuta kwenye keki hufanya kazi ya kuuvalisha unga, ili utando wa ngano usivutane na kuifanya keki kuwa ngumu kama chapati ya jana. Boga lililopondwa laini lina nyuzinyuzi na wanga wake unaoshika maji, kwa hiyo keki hubaki na unyevu hata mafuta yakipungua. Lakini haliwezi kazi yote. Ukiondoa mafuta yote ukaacha boga peke yake, unatoa kitu cha kutafuna kama mpira, kinachonata kwenye meno. Nusu ya mafuta, au zaidi kidogo kama kwenye mfano wetu, hutoka bila malalamiko. Ukizidi hapo, wageni wataanza kuomba chai ya kusukumia.

Sukari nayo ina kazi zaidi ya utamu. Inashika maji, inaipa keki rangi ya kahawia juu, na ukiipiga na siagi inafungia hewa inayosaidia keki kuinuka. Ndiyo maana ukiikata nusu, keki inatoka na rangi iliyofifia, na mpishi mgeni anaiacha kwenye oveni akisubiri iwe kahawia mpaka inakauka. Usiisubiri rangi. Kwa oveni ya nyuzi 180 ianze kupimwa kwa kijiti dakika ya 45. Utamu uliopungua unarudishwa kwa harufu: iliki iliyotwangwa hapo hapo, mdalasini, kungumanga kidogo, vanila, ganda la chungwa lililoparuzwa. Pua inaudanganya ulimi. Mtu anahisi utamu ambao haumo. Watu wa Pwani hawana haja ya kufundishwa hili, mkate wa kumimina usio na iliki nani ataula?

Turudi kwa shangazi.

Tangazo linasema haina sukari, na tuseme ni kweli kabisa, mpishi hakutia hata punje. Bado mna unga. Gramu 250 za unga wa ngano zina wanga karibu gramu 190, na hizo hazijali kama umeandika nini kwenye status. Kwenye mfano wetu, kipande cha keki ya kawaida kina wanga kama gramu 32. Kipande cha keki ya boga yenye nusu ya sukari kina kama 26. Ukiondoa sukari yote, kinashuka hadi 17 au 18, na hapo karibu yote ni ngano. Mtu mwenye kisukari akiambiwa "haina sukari" akala vipande vitatu kwa amani ya moyo, amekula wanga mwingi kuliko ambaye angekula kipande kimoja cha keki ya kawaida kwa hofu. Kipande kimoja, baada ya mlo wenye mboga na protini, kikihesabiwa pamoja na wali wa siku hiyo, ni jambo la kuzungumza na daktari au mtaalamu wa lishe. Ruhusa ya jumla haipo, wala katazo la jumla.

Kuchanganya unga husaidia kiasi. Theluthi au nusu ikiwa atta, ile ya ngano nzima, unaongeza nyuzinyuzi, na boga kwa unyevu wake linauficha ule ukavu ambao watu huulalamikia kwenye atta. Hapa kwa kweli ndipo ninapoliona boga likifanya kazi yake bora kuliko zote, na wauzaji wala hawaitangazi.

Halafu kuna imani kwamba asali si sukari. Hii imeota mizizi kwelikweli, na anayeipinga anaonekana anapinga mambo ya dini na dawa za bibi. Asali ina mengi mazuri, ila karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ukibadilisha gramu 100 za sukari kwa gramu 100 za asali umepunguza kidogo tu. Na kwa vile asali ni tamu zaidi kwenye ulimi, unaweza kutia pungufu, hiyo ndiyo faida yake ya kweli jikoni. Sukari guru ina rangi na harufu yake, lakini ni sukari ya muwa iliyochemshwa bila kusafishwa sana. Tende ziko mahali pa kati: zikisagwa nzima huja na nyuzinyuzi zake, ila tende kavu ni karibu theluthi mbili sukari. Mpishi anayeandika "haina sukari" juu ya keki ya asali anamdanganya mteja, hata kama mwenyewe anaamini anachosema. Angeandika "haina sukari nyeupe" tungeelewana. Kuhusu vitamu vya vidonge na unga visivyo na kalori, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Hofu ya shangazi kwamba boga linapandisha sukari kuliko mkate inatoka kwenye namba halisi iliyosomwa vibaya. Kuna kipimo kinacholinganisha vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari ya damu, kuanzia sifuri hadi 100 ambayo ni glukosi yenyewe. Kwenye jedwali moja linalozunguka sana boga limepewa 75, sawa na mkate mweupe, na watu wakaishia hapo. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa kumlisha mtu kiasi cha chakula chenye gramu 50 za wanga unaosagika. Kwa mkate hivyo ni vipande vitatu au vinne. Kwa boga lenye wanga gramu 6 hivi kwa kila 100, ni zaidi ya robo tatu ya kilo kwa mkao mmoja. Ndani ya kipande chetu cha keki mna boga kama gramu 20 tu. Hizo zinaleta wanga gramu moja na kitu. Shangazi akihofu, aihofu ngano.

Upande wa vitamini napo kuna hadithi mbili zinazopingana. Moja inasema kuoka kunaua kila kitu. Rangi ya boga inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini huvumilia moto vizuri kuliko vitamini C. Inapungua kiasi, lakini kupika hulainisha nyama ya boga na kuifanya karotini itoke kwa urahisi zaidi. Hadithi ya pili inasema keki bora ni isiyo na mafuta kabisa. Karotini huyeyuka kwenye mafuta; bila mafuta kidogo kwenye mlo, sehemu kubwa yake inapita tu. Kwa hiyo zile mililita 80 tulizoziacha zina kazi ya pili. Ukiwa sokoni, nyama ya chungwa iliyokolea kwa kawaida ina karotini zaidi kuliko ya njano iliyopauka, na boga lililokatwa vipande linakupa nafasi ya kuiona rangi kabla hujalipa.

Sasa maji, maana hapa ndipo keki nyingi hufia. Mapishi mengi ya mtandaoni yanatoka Amerika Kaskazini, ambako "kikombe cha boga" ni boga la kopo, lililosagwa na kupunguzwa maji kiwandani hadi likawa zito. Mpishi wa Kinondoni anachemsha boga lake la kienyeji kwenye sufuria iliyojaa maji, analiponda, anapima kikombe kile kile, na keki inatoka mbichi katikati kama ugali usioiva. Lawama inaiendea oveni. Boga halikupaswa kuchemshwa majini tangu mwanzo. Likate pande kubwa na ganda lake, litoe mbegu, lipike kwa mvuke au lioke mpaka uma unaingia bila kusukuma. Kijiko kinachota nyama kutoka kwenye ganda. Iponde, kisha iweke kwenye kitambaa cha kuchujia tui na uiache ining'inie juu ya bakuli. Utaona maji ya njano yakidondoka, mengi kuliko ulivyofikiri, na usiyamwage. Uji wa mtoto utayapokea. Lipo tayari pale ambapo ukiburuza kijiko katikati ya bakuli, mfereji unabaki wazi bila kujaa maji pembeni. Batanati halina usumbufu huu sana, nyama yake ni kavu.

Ukali wa utamu pia hutegemea umri wa boga. Lililovunwa juzi lina wanga mwingi usio mtamu, kama ule wa viazi, na ladha ya kiazi. Likikaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa, sehemu ya wanga huo hugeuka sukari, na boga linakuwa tamu bila wewe kulifanyia kitu. Chagua lenye kikonyo kilichokauka na ganda ambalo ukucha hauingii. Na ukionja kipande kibichi ukakuta ni kichungu kama shubiri, litupe lote. Uchungu huo ni sumu ya jamii ya maboga, nayo haiondoki kwa moto wala kwa sukari. Watu wameumwa matumbo vibaya kwa kujilazimisha.

Wasio na oveni hawajaachwa nyuma. Mchanganyiko huu huiva vizuri kwenye sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, kwa moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, namna ile ile ya mkate wa kumimina. Makaa ya chini yakizidi, keki inaungua chini haraka, kwa hiyo afadhali chini yabaki machache sana.

Maandazi ni kesi nyingine. Boga linaingia vizuri kwenye unga wa maandazi, linayapa rangi na ulaini hata kesho yake, na unaweza kupunguza sukari bila mtu kugundua. Tatizo ni karai. Andazi linapokaangwa, maji yake hutoka kama mvuke na mafuta huingia kwenye matundu yaliyoachwa. Donge lenye maji mengi hunywa mafuta mengi. Andazi la boga lililolegea linaweza kutoka na mafuta mengi kuliko la kawaida. Kaza donge, tumia boga kavu, mafuta yawe yamechemka barabara kabla ya kutumbukiza la kwanza. Hata hivyo yaite maandazi matamu ya boga, neno afya uliache nyumbani.

Keki hizi hazikai. Unyevu mwingi na sukari pungufu ni karamu ya ukungu, na joto la Dar es Salaam au Mombasa halisaidii. Siku mbili nje ndani ya chombo kilichofunikwa, kisha friji. Ukioka ya kuuza, kata vipande vikiwa vimepoa kabisa, ugandishe vile ambavyo havitaondoka siku hiyo.

Ila kama shida ni kupata kitu kitamu cha boga chenye wanga kidogo, sioni kwa nini tuanze na unga. Mwezi wa Ramadhani Pwani nzima hupika boga la nazi kwa futari, na humo hamna ngano hata chembe. Vipande vya boga vinachemka kwenye tui jepesi na iliki, tui zito linaingia mwishoni, moto unapunguzwa mpaka rojo linashika kijiko. Tui lina mafuta yake mazito, kwa hiyo bakuli liwe dogo. Sukari ndiyo ya kuangalia: wengi huimimina mwanzoni kwa mazoea, kikombe kizima, kabla hawajajua boga lao lina utamu gani. Itie mwisho, kijiko kimoja kimoja, na chumvi kidogo sana kabla yake. Kwa boga lililokaa wiki kadhaa, vijiko viwili kwa sufuria ya watu wanne huwa vinatosha.